Kupunguza si Kubomoa

Ugomvi wetu kuhusu vina na mizani umepita nusu karne. Sheikh Kaluta Amri Abedi aliziandika sheria za kutunga mashairi mwaka 1954; Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi mwaka 1974, akiuacha urari uliozoeleka; na tangu hapo malenga wa Kiswahili wamegawanyika kambi mbili, kila kambi na boma lake na mbwa wake wa kubweka usiku. Sikusudii kuurudia ugomvi huo kwa hoja zile zile. Leo nataka niseme habari za pikipiki, kwa kuwa katika pikipiki nimeliona jambo ambalo kambi zote mbili hulipita bila kulitazama: kwamba kuondoa kitu ni kazi ngumu kuliko kukiweka, na anayekiondoa hana budi kujua kwanza kilikuwa kimebeba nini.

Pikipiki yenyewe ni Honda CG125 kuukuu, iliyochoshwa na barabara za Chemba na Kondoa chini ya afisa ugani mmoja, kisha ikauzwa, ikauzwa tena, hata ikanifikia mimi ikiwa haiwaki. Fundi niliyempelekea yuko hapa Dodoma mjini. Nilimwomba aifumue na kuiunda upya kwa mtindo ambao Waingereza huuita kafe resa. Kazi imechukua miezi mingi, kwa sababu fedha zangu huja kidogo kidogo kama mvua za huku kwetu, na mara nyingi nimekuwa nikikaa juu ya tairi bovu mle karakanani, nikitazama na kusikiliza.

Kwa asiyeijua, kafe resa ni pikipiki ya kawaida iliyovuliwa kila kisichosaidia mwendo. Mtindo huu ulishamiri Uingereza katika miaka ya 1950 na 1960, miongoni mwa vijana waliokutana kwenye migahawa ya kando ya barabara kuu. Mashuhuri kuliko yote ni Ace Cafe ya London, kwenye barabara ya North Circular: ilifunguliwa mwaka 1938, ikaharibiwa kwa mabomu wakati wa Vita Vikuu vya Pili, ikajengwa upya mwaka 1949, ikafungwa mwaka 1969, na kufunguliwa tena mwaka 2001. Vijana wale hawakuwa na fedha za kununua pikipiki za mashindano. Walichukua pikipiki za kwendea kazini, wakapunguza madigadi, wakatoa usukani mrefu na kuweka mishikio miwili mifupi iliyobanwa chini kwenye shokapu za mbele, wakarudisha vikanyagio nyuma, wakaweka kiti cha mtu mmoja. Waliokuwa hodari zaidi waliichomoa injini ya Triumph wakaipachika katika fremu ya Norton, kwa kuwa injini ya huyu na fremu ya yule ndizo zilizosifiwa. Mseto huo ukaitwa Triton. Ndoto yao ilikuwa kufikia maili 100 kwa saa, yaani takribani kilomita 160. CG125 yangu haitafika huko hata ikisukumwa na upepo wote wa Ugogo.

Jina nalo lina mkasa wake. Husimuliwa kuwa lilianza kama kejeli, likiwalenga watu waliojifanya wanamashindano ilhali mashindano yao yalianzia mkahawani na kuishia mkahawani. Tena, kafe ya Waingereza na mkahawa wetu ni ndugu: yote mawili yanarudi kwenye qahwa ya Kiarabu, moja likipitia Uturuki na Ulaya, jingine likitua pwani yetu bila kuzunguka. Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa Kiswahili, alipendekeza tuiite pikipiki hiyo "mwendambio wa mkahawani". Nikamwambia jina hilo linanipa picha ya kijana anayepeleka chai maofisini. Ukitafuta kilichokuwa na maana ya mkahawa ule katika maisha ya vijana wetu, utakikuta kwenye kijiwe. Lakini kijiwe tayari kina pikipiki zake, na hazifanani na hii. Fundi hakusumbuka na yote hayo. Siku ya kwanza kuona picha alisema, "Aa, hii ni ya kuinama," na tangu siku hiyo karakana nzima huiita hivyo. Ameitaja kwa lile inalomfanyia mpandaji, na sijaona sababu ya kumsahihisha.

Niseme kidogo kuhusu CG125, maana historia yake inaingia katika hoja yangu. Honda walianza kuiuza mwaka 1976. Pikipiki yao nyingine ya ukubwa huo, CB125, ilikuwa na kemshafti juu, kwenye kichwa cha injini, ikizungushwa kwa mnyororo mdogo. Katika nchi ambazo oili haibadilishwi kwa wakati, na sisi tumo, sehemu ile ya juu iliteseka upesi. Wahandisi wakarudi nyuma: wakaishusha kemshafti chini na kutumia vijiti vya kusukuma vali, mfumo wa zamani zaidi. Matokeo yakawa injini ya silinda moja, ya sentimita za ujazo 124, yenye uvumilivu wa punda. Viwanda vya China viliiiga kwa wingi, hata leo ukisimama kijiweni na kutega sikio utaisikia sauti yake ndani ya pikipiki zenye majina mengine kabisa kwenye tangi. Watu wale walijua mnyororo ule mdogo ulikuwa ukifanya kazi gani, wakajua pia ni nani atakayeitunza pikipiki na kwa mfuko gani, ndipo wakauondoa.

Sasa nirudi karakanani. Nilikuwa nimemletea fundi picha kadhaa za pikipiki zilizoundwa Ulaya. Karibu zote zilikuwa zimeondolewa boksi la filta ya hewa, na mahali pake pamewekwa filta ndogo yenye umbo la pia, ili nafasi ya chini ya kiti ibaki tupu na jicho lipenye hadi ng'ambo. Kupendeza kunapendeza. Fundi aliitazama picha ile kwa muda, akauliza, "Mzee wangu, hawa huko kwao wana vumbi?"

Wenyeji wa Dodoma hawahitaji maelezo ya swali hilo. Mvua zetu ni za msimu mmoja, tangu Desemba hadi Aprili zikijaliwa, na baada ya hapo nchi hukauka. Kufikia Agosti upepo unabeba udongo mwembamba kama unga wa mtama, unaingia katika sufuria zilizofunikwa na vitabu vilivyofungwa. Ukiuacha uingie katika silinda, unageuka msasa; ringi za pistoni zinakwisha, injini inaanza kula oili na kutoa moshi wa bluu, na fundi analazimika kuishusha upya. Boksi likabaki. Alilipaka rangi nyeusi ili lisijitokeze, na habari yake ikaisha hapo. Madigadi ya nyuma aliyafupisha kwa kipimo alichokipata kwa kuichukua pikipiki hadi kwenye udongo mweusi wa mbuga upande wa Bahi, mvua ikiwa imetoka kunyesha, akaangalia tope linarukia wapi. Kabureta aliiseti hapa hapa, kwa hewa ya hapa: mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takribani sehemu moja ya kumi. Taa, honi, vioo, silensa na kibao cha namba havikuguswa. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikuandikwa na watu wa sanaa.

Kilichonishika kuliko vyote ni kazi ya mkia wa fremu. Pikipiki ya kawaida ina mabomba mawili yanayokwenda nyuma kubeba kiti kirefu, keria na taa. Katika kafe resa mabomba hayo hukatwa, na ncha zake huunganishwa kwa bomba lililokunjwa nusu duara. Wanaojifunzia kwenye video hukata kwanza na kufikiri baadaye. Fundi wangu alitumia siku mbili bila kushika msumeno. Aliipandisha pikipiki kwenye stendi, akapachika kiti kwa muda, akanipandisha mimi, akampandisha kijana wake ambaye ni mzito kuliko mimi, akatazama shokapu za nyuma zinavyobonyea, akachora mstari kwa chaki. Mstari ule uliangukia nyuma ya mahali shokapu zinaposhikwa na fremu, kwa upana wa vidole vinne. Nilimwuliza kwa nini asisogee mbele kidogo, kwani picha zilionyesha mkia mfupi zaidi. Akanijibu kuwa uzito wote wa mpandaji hupitia pale, na kwamba fremu ikikatwa mbele ya pale inabaki kuwa sanamu ya pikipiki.

Bomba la nusu duara hakuwa na mashine ya kulikunja. Alichukua bomba jipya la chuma, akaziba ncha moja, akalijaza mchanga, akalishindilia kwa kuligonga gonga chini, akaziba ncha ya pili, kisha akalipasha moto hadi likaiva na kulikunja taratibu kulizunguka rimu kuukuu. Mchanga huzuia bomba lisibonyee na kujikunja kama mrija wa soda. Lakini kabla ya kuutumia aliukaanga ule mchanga kwenye karai mpaka akaridhika kwamba hauna hata chembe ya unyevu, kwa sababu maji yaliyofungiwa ndani ya chuma cha moto hugeuka mvuke na kulipasua bomba usoni pa mtu. Baada ya kukunja, akaumwaga. Katika pikipiki iliyokamilika hakuna punje hata moja ya mchanga ule, na hakuna atakayekuja kujua kwamba ulikuwamo.

Masikio yangu yalipata posho yao pia. Kwa mafundi, injini inakunywa, inakula, inakohoa, inachoka, inakufa na kufufuka. Vumbi linakula ringi, mnyororo unakula meno ya sproketi. Tunawafundisha wanafunzi tashihisi kwa mifano ya mwezi unaotabasamu, na hapa mtaani iko tashihisi inayofanya kazi kwa jasho: fundi akisema injini inakohoa, anajua aanzie kwenye kabureta au plagi. Siku tulipokwenda kwa fundi wa kushona viti, nilihangaika kumweleza kile kivimbe cha nyuma ya kiti, kinachomzuia mpandaji asiteleze. Nikatumia maneno mengi. Mzee yule akanikatiza: "Unataka nundu." Katika nchi ya ng'ombe, mtu anayetazama mgongo ulionyooka kisha ukapanda mwishoni angeuita nini kingine? (Nundu ya ng'ombe iko mbele na ya kiti iko nyuma, lakini lugha haijawahi kuzuiwa na jambo dogo kama hilo.) Baraza la Kiswahili la Taifa lipo tangu mwaka 1967 na limetufanyia kazi kubwa, nami si miongoni mwa wanaolibeza. Nasema tu kwamba istilahi za ufundi zingepata uhai zaidi kama anayeziunda angepita kwanza karakanani, akakaa juu ya tairi bovu, akasubiri.

Lipo jambo ambalo sijalimaliza, nalo ni mpwa wangu. Ni mtoto wa dada yangu, ana miaka ishirini na minne, ana leseni na hana kazi. Alipoona kiti cha abiria kimeondolewa hakuficha uchungu. "Mjomba," alisema, "hii ungenipa mimi ikiwa nzima, ningekuletea hesabu kila jioni." Anasema kweli. Pikipiki hapa kwetu ni chombo cha kubeba: abiria wawili na mtoto, madumu ya maji, magunia ya mkaa, kreti za zabibu, na hata jeneza nimeliona. Kuchukua pikipiki inayoweza kulisha nyumba na kuifanya ibebe mtu mmoja aliyeinama, kwa sababu ya umbo lake tu, kunahitaji kutolewa maelezo, na mimi ninayejiita mtu wa mashairi nimeulizwa swali hilo maisha yangu yote kwa sura nyingine: shairi linaleta hesabu gani?

Vijana wa Ace Cafe hawakuulizwa hivyo, au waliulizwa kwa upole zaidi, kwani kazi viwandani zilikuwapo na pikipiki ilikuwa starehe ya jioni. Sitajidai kwamba hali zetu ni sawa. Nilichoweza kumwambia mpwa wangu ni kwamba pikipiki ile ilinifikia ikiwa mfu, na kwamba gharama ya kuifufua iwe bodaboda ya kuaminika ingekaribia theluthi mbili za kununua mpya, ambayo ingemfaa zaidi. Alinisikiliza kwa heshima. Hakushawishika, na sioni kwamba ana wajibu wa kushawishika. Hata hivyo amekuwa akija karakanani siku za Jumamosi kushika tochi na kupiga msasa, na mara moja nilimkuta akiipapasa ile nundu kwa kiganja alipodhani haonekani.

Basi turudi kwenye ushairi, maana najua wapo wasomaji waliokwisha kuguna. Huletewa mashairi mengi na vijana, baadhi yao wanafunzi wa vyuo vyetu vya hapa mjini. Mengi hayana vina wala mizani, na juu yake yameandikwa "shairi huru". Sina shida na uhuru. Swali langu kwao ni lile la fundi na chaki yake: uzito wa shairi hili unapitia wapi? Vina vilikuwa vikimsaidia msikilizaji kukumbuka, kwa kuwa shairi liliishi kwa kuimbwa kabla ya kuandikwa. Mizani ilikuwa pumzi ya mwimbaji. Kituo kilikuwa mahali pa hadhira kuingia na kujibu. Ukiviondoa vyote vitatu, ni haki yako, lakini sasa kumbukumbu, pumzi na hadhira vimeegemea nini? Kezilahabi alikuwa na majibu. Alishusha lugha ya mazungumzo ndani ya mshororo, akaufanya ukimya wa mwisho wa mstari ufanye kazi ya kina, akaweka taswira nzito mahali penye mzigo. Wengi waliomfuata waliona tu kwamba mkia ni mfupi, wakashika msumeno.

Wala kambi ya pili isicheke. Ninayo mashairi ya kimapokeo yenye mizani kumi na sita kamili kila mshororo, na katika hizo kumi na sita, sita ni "hakika", "kwa yakini", "nawambia" na "wenzangu", zilizopachikwa kama taa za rangi kwenye keria. Wakongwe walitupa inkisari na mazida, yaani ruhusa ya kufupisha neno na ruhusa ya kulirefusha, wakijua kuwa ni dawa na kwamba dawa hupimwa. Leo mazida yamekuwa chakula. Shairi la namna hiyo halijavunja sheria hata moja, na halibebi kitu.

Naona fahari kwamba mtu aliyeijua kazi hii vizuri alitoka hapa hapa. Mathias Mnyampala, aliyeishi kati ya mwaka 1917 na 1969, alikuwa Mgogo, mwandishi wa historia na mila za Wagogo, na Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake. Alikuwa mlinzi wa vina na mizani, lakini hakuishia kulinda. Alichukua majibizano ya kishairi, jambo la kale pwani, akayapa wahusika, jukwaa na sauti ya wanafunzi wa shule, akaunda ngonjera zilizoenea nchi nzima. Ngonjera za UKUTA zilitoka kitabuni baada ya kifo chake. Unaweza kutozipenda. Mimi mwenyewe nyingine naziona zina mahubiri mengi mno, na hilo linatokana na wakati wake. Lakini ukizifumua utaona kwamba alijua kila kiungo kinashika wapi: alikata mbele ya watu na kuunga mbele ya watu, na fremu haikukatika.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaonitumia kazi zao ni dogo. Nileteeni shairi huru pamoja na lile lilivyokuwa kabla hamjalipunguza. Kama halikuwahi kuwapo kabla ya kupunguzwa, niambieni hivyo pia, tutazungumza.

Injini ya pikipiki iliwaka wiki tatu zilizopita kwa kiki ya nne. Bado rangi ya tangi, ambalo kutu yake ya ndani ilitolewa kwa kulitikisa likiwa na kipande cha mnyororo wa zamani ndani yake, na bado hatujaafikiana kama liwe jekundu la udongo au libaki chuma kitupu. Upande wa maneno, mapengo mawili yamebaki. Ile mishikio miwili mifupi iliyochukua nafasi ya usukani, fundi anaiita "pembe", nami naikubali, hasa ikiwa nundu ipo. Vikanyagio vilivyorudishwa nyuma havina jina karakanani. Kila mmoja huvionyesha kwa kidole. Mwenye neno, iwe la mtaani kwake au la kubuni, aniandikie, nitalipeleka Jumamosi tulisikie linavyotamkika kelele za grainda zikiendelea.